Kiingereza cha kiwango cha kati: vitendo vya kujipima, hatua kwa hatua

Ukimuuliza mtu Kiingereza chake kikoje, mara nyingi atakujibu: "Cha katikati tu." Jibu hilo halisemi kitu. Nimefundisha watu wazima kwa miaka kadhaa, na nimekutana na watu wa katikati wanaotaja nyakati zote za vitenzi bila kukwama, lakini simu ikiita kwa Kiingereza wanampa mwenzao apokee. Nimekutana pia na watu wanaosahau ile "s" ya nafsi ya tatu kila sentensi ya pili, na bado wanamaliza shughuli zao zote kwa Kiingereza bila mkalimani. Kwangu mimi hawa wa pili ndio wako kiwango cha kati. Wale wa kwanza wana daftari la kiwango cha kati.

Kwa hiyo humu hutakuta orodha ya mada za sarufi. Utakuta vitendo, na kile ninachokipa uzito kuliko vyote ni kuendelea kuzungumza pale neno linapokukimbia.

Hatua ya 1: Jua ulipo

Kipimo kinachotumiwa zaidi ni ule mfumo wa ngazi sita ambao Baraza la Ulaya liliutoa mwaka 2001. A1 na A2 ni za wanaoanza, B1 na B2 ni za kati, C1 na C2 ni za juu. B1 ina historia ndefu kuliko mfumo wenyewe. Mwaka 1975 baraza hilohilo lilichapisha maelezo ya mambo ambayo mgeni anahitaji kuyaweza ili aendeshe maisha yake kwa Kiingereza bila kushikwa mkono, na ngazi hiyo wakaiita kizingiti. Jina limekaa vizuri. Aliyefika B1 amevuka kizingiti, yumo ndani ya nyumba, ingawa vyumba vingine bado hajavifungua.

Mtu wa B1 anafuata mambo makuu ya mazungumzo yanayosemwa wazi kuhusu kazi, masomo na maisha ya kila siku. Akisafiri, anajisaidia. Anasimulia tukio, anataja ndoto zake, anatoa sababu fupi za maoni yake. Mtu wa B2 anafuata hoja nzito hata kama mada si ya kwake kila siku, anazungumza na mzawa wa lugha bila mmoja wao kuchoka, na anatetea msimamo wake akipingwa. Kwa wenye haja ya alama, B1 inalingana takriban na 4.0 hadi 5.0 za IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotumika kimataifa, na B2 na 5.5 hadi 6.5. Cambridge, watungaji wakubwa wa mitihani hii, wanakadiria saa 350 hadi 400 za kufundishwa tangu sifuri mpaka B1, na 500 hadi 600 mpaka B2. Hizo ni saa za kukaa na mwalimu na za kufanya kazi anazokupa. Za kuhangaika peke yako hazimo.

Sasa jipime. Jibu ndiyo kama tu jambo lenyewe umelifanya mwezi huu. Kudhani kwamba ungeliweza hakuhesabiki.

- Umezungumza kwa simu na mtu usiyemjua, mkamaliza jambo.
- Umesimulia kisa cha dakika mbili bila kurukia Kiswahili.
- Umesoma ukurasa mzima na kumweleza mtu ulisema nini.
- Umemwandikia mtu usiyemzoea, naye akajibu bila kuuliza ulimaanisha nini.

Ukipata ndiyo mbili, uko mlangoni. Ukipata nne, una haki ya kujiita wa kati. Kabla hujaendelea, chukua simu ujirekodi dakika mbili ukieleza ulivyoshinda jana, kisha faili ulihifadhi bila kulisikiliza. Tutalihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Jifunze kulizunguka neno

Mwanafunzi wangu mmoja, fundi umeme, alihitaji ngazi. Kwa Kiswahili ngazi ni ngazi, iwe ya zege ndani ya jengo au ya mbao unayoiegemeza ukutani. Kiingereza kinazitenga: ya jengo ni "stairs", ya kuegemeza ni "ladder". Yeye alijua ile ya kwanza tu, basi akamwambia mwenzake: "Please bring me the stairs." Mwenzake akacheka, akabaki anamtazama. Hapo anayeanza angenyamaza, au angetoa simu kutafuta kamusi. Fundi wangu hakunyamaza: "Not the stairs of the house. The thing you put on the wall and climb. You can carry it." Ngazi ikaletwa. Na neno lake likaja nalo bure, maana yule mwenzake alisema, "Ah, the ladder!"

Hicho alichokifanya kina sehemu tatu, nazo zinafundishika. Kwanza alikitenga kitu na kile kinachofanana nacho. Pili alisema kinatumikaje. Tatu akaongeza alama moja ya kukitambua: kinabebeka. Huhitaji Kiingereza kikubwa kwa hayo. Unahitaji "thing", "person", "place", "feeling", kisha "you use it to…", "it's like… but…", "the opposite of…". Maneno kama hayo ishirini yakiwa ulimini, yanakufikisha kwenye maelfu usiyoyajua.

Zoezi lake halina gharama. Angalia chumba ulichomo, chagua vitu kumi usivyovijua kwa Kiingereza: bawaba, chujio, kizibo, soketi, pazia, chochote. Eleza kila kimoja kwa sauti, sekunde thelathini, bila ishara za mikono. Ukimaliza ndipo ufungue kamusi. Wiki ya pili hamia kwenye mambo yasiyoshikika: wivu, aibu, kisasi, subira. Hapo ndipo jasho linapotoka, na ndipo faida ilipo.

Unapozunguka, kumbuka kwamba Kiswahili chetu kina maneno ambayo Kiingereza kimeyapasua mara mbili kama ngazi. Mkono ni "hand" na pia "arm". Mguu ni "foot" na "leg". Kidole cha mkononi ni "finger", cha mguuni ni "toe". Sisi tunasikia sauti na tunasikia baridi. Ukisema "I hear cold" utaeleweka kwa huruma tu, kwa kuwa baridi kwao inahisiwa, "I feel cold". Kuazima ndiko kunakokamata watu wengi zaidi. Tunasema nimeazima kalamu na niazime kalamu, kitenzi kilekile, mtoaji na mpokeaji. Kwao anayepokea ana-"borrow", anayetoa ana-"lend". Ukisema "borrow me your pen" umegeuza mwelekeo wa kalamu.

Upande wa pili wa kujikwamua ni pale unapokwama kwenye maneno ya mwenzako. Hapa nina kisa changu mwenyewe, nacho hakinifurahishi kukisimulia. Niliitwa mahojiano ya kazi Jumatano. Siku chache kabla nikapigiwa simu, nikaambiwa mahojiano "has been brought forward by two days". Nikaitikia "yes, yes, thank you". Kichwani nilishatafsiri: yamesogezwa mbele, yaani Ijumaa. Ijumaa nikafika nimepiga pasi kila kitu, nikaambiwa walinisubiri Jumatatu. Kwetu kusogeza mbele ni kuchelewesha. Kwao "bring forward" ni kuleta karibu, kuwahisha. Sentensi moja ingeniokoa: "So that's Monday, right?"

Kiwango cha kati ni kuwa na sentensi hiyo tayari. Rudisha ulichosikia kwa maneno yako, hasa tarehe, saa, kiasi na nani afanye nini. Na usipoelewa, taja kilichokupita. "Sorry?" mara tano humchosha mtu, kwa sababu hajui arudie nini. "Sorry, I got the place but not the time" humwambia hasa akupe kitu gani. Ile "yes" ya adabu, ya kuitikia usichokielewa, iache kabisa.

Hatua ya 3: Simulia tukio lililopita, mwanzo mpaka mwisho

Vitabu vingi huifanya hatua hii ionekane ngumu kuliko ilivyo. Wanafunzi hufundishwa nyakati za Kiingereza kana kwamba hawajawahi kuona kitu cha aina hiyo, ilhali Kiswahili kinafanya kazi hizo zote kwa viambishi vidogo tu. Tazama kisa hiki:

Nilifika kituoni, nikakata tiketi, nikakaa. Nilipokuwa nikisubiri, mtu akaja akaniuliza saa. Kumbe treni ilikuwa imeshaondoka.

"I got to the station, bought a ticket and sat down. While I was waiting, a man came up and asked me the time. It turned out the train had already left."

"-li-" na "-ka-" zote zimekuwa wakati uliopita wa kawaida: "got", "bought", "sat", "came", "asked". Watu wengi huona kila "-ka-" inadai "and then", matokeo yake kisa kinajaa "and then, and then, and then". Haidai. Mfuatano wa vitenzi wenyewe unatosha, weka "then" pale unapotaka kukazia tu. "Nilipokuwa nikisubiri" imekuwa "was waiting", jambo lililokuwa likiendelea wakati lingine linatokea. "Ilikuwa imeshaondoka" imekuwa "had already left", lililotangulia yote. Na "kumbe", neno ambalo wengi huapa halina tafsiri, hapo limekaa vizuri kwenye "it turned out".

Tatizo halisi ni "-me-". Kitabuni huambiwa "-me-" ni "have" pamoja na kitenzi: nimemaliza, "I have finished". Sawa. Lakini "-me-" yetu ina tabia mbili ambazo "have" haina.

Ya kwanza, sisi hatuoni tabu kuiweka pamoja na jana. Nimemwona jana, nimefika juzi, tunasema kila siku. Kiingereza hakikubali. Ukishataja muda uliokwisha, kama "yesterday", "last week", "in 2019", "have" inaondoka: "I saw him yesterday." Kanuni ninayowapa watu ni hii: kama sentensi inaweza kujibu swali la lini, tumia wakati uliopita wa kawaida. Si kanuni kamili, ila inaponya makosa mengi.

Ya pili ni ya ndani zaidi. "-me-" mara nyingi haielezi tendo lililokwisha, inaeleza hali iliyopo. Ukisema mtoto amelala, humaanishi kwamba alilala akaamka. Yuko usingizini sasa hivi: "the child is asleep", na si "the child has slept". Amesimama mlangoni ni "she is standing at the door". Amevaa koti ni "he is wearing a coat". Nimechoka ni "I'm tired", nimeelewa ni "I understand". Kabla ya kutia "have", jiulize kama kitu hicho bado kinaendelea mbele ya macho yako. Kama kinaendelea, huenda unahitaji "is".

Lengo la hatua hii: visa vitatu vya kwako, vya kweli, kila kimoja dakika mbili. Kimoja cha hofu, kimoja cha kuchekesha, kimoja cha kazini au masomoni. Visimulie tena na tena kwa watu tofauti, au kwa ukuta. Mara ya sita utashangaa ulimi ulivyolainika, na vitenzi visivyo na utaratibu, "bought", "went", "thought", vitakuwa vimeshajipanga vyenyewe bila ya wewe kukariri jedwali.

Hatua ya 4: Zoeza sikio kwa vipande vidogo

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote: "Nikisoma naelewa, wakizungumza sipati kitu." Si kwamba wanazungumza haraka mno, ingawa mazungumzo ya kawaida yanafika maneno 150 na zaidi kwa dakika. Ni kwamba Kiingereza hakitamki maneno yote kwa haki sawa. Kiswahili ni lugha ya uadilifu: kila silabi inapata zamu yake, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Kiingereza kinayakazia maneno mawili matatu kwenye sentensi na mengine kinayameza. "What are you going to do?" ikitoka kinywani mwa mzawa inakuwa kitu kama "wochagonadu". Ukisubiri kusikia maneno sita kamili, utasubiri sana.

Mfano unaoumiza ni "can" na "can't". Wengi hutega sikio kwenye "t" ya mwisho. Hiyo "t" mara nyingi haisikiki kabisa. Kinachotofautisha ni mkazo. Katika "I can do it", "can" inapunguzwa mpaka inakuwa "kn" tu, na nguvu yote inakwenda kwenye "do". Katika "I can't do it", "can't" yenyewe inasimama, ndefu na nzito. Na wewe ukitaka kueleweka, fanya vivyo hivyo: ukiikazia "can" unapokubali, msikilizaji atadhani umekataa.

Mkazo unahamahama pia ndani ya ukoo mmoja wa maneno. "Photograph" unakaa mwanzoni, "photography" unahamia silabi ya pili, "photographic" unahamia ya tatu. Hakuna ujanja wa kuukwepa, kila neno jipya lichukue pamoja na mkazo wake, kama unavyochukua nomino pamoja na ngeli yake.

Zoezi: tafuta sauti ya dakika moja yenye maandishi yake. Dakika moja, si filamu nzima. Isikilize mara mbili bila kusoma. Mara ya tatu isimamishe kila baada ya sentensi na uandike ulichosikia, hata kama ni nusu. Kisha linganisha na maandishi. Pale ulipokosea pana aina mbili za makosa: neno usilolijua, na neno unalolijua ambalo hukulitambua. Aina hii ya pili ndiyo dhahabu. Rudia kipande hicho mpaka sikio likubali kwamba ile sauti ndilo neno lile. Dakika kumi na tano za kazi hii zina faida kuliko saa mbili za kutazama filamu yenye tafsiri chini, ambako macho yanasoma na masikio yamelala. Ukitaka maandishi chini ya picha, yawe ya Kiingereza.

Kuhusu matamshi yako mwenyewe, sina haraka na lafudhi. Lafudhi ya Kiswahili haimzuii mtu kueleweka. Kinachozuia ni irabu kadhaa. Sisi tuna irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu karibu ishirini, kwa hiyo "hat", "hut", "heart" na "hurt" zote zinaangukia kwenye "a" yetu moja. Fanyia kazi hizo nne, ongeza "ship" na "sheep", "walk" na "work", halafu uachane na mengine mpaka utakapofika juu.

Hatua ya 5: Soma bila kamusi mkononi

Hapa sikawii. Mtu wa kati anatakiwa asome habari fupi, maelekezo au barua na kubaki na jambo kuu, hata akiacha maneno njiani. Orodha moja ya maneno ya msingi iliyotolewa mwaka 2013, yenye maneno kama 2,800, inafunika takriban maneno tisa katika kila kumi ya maandishi ya kawaida. Inaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba lile la kumi ndilo mara nyingi lililobeba habari. Mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma vitabu na magazeti kwa raha, ukikosa maneno mawili tu katika mia, kunahitaji koo za maneno 8,000 hadi 9,000, ukoo ukiwa ni neno pamoja na yale yanayozaliwa nalo. Mtu wa kati hajafika huko, wala hadaiwi.

Basi soma aya nzima kwanza. Pigia mstari usiyoyajua, usisimame. Ukimaliza, tafuta yale tu yaliyojitokeza zaidi ya mara moja au yaliyofunga mlango wa maana. Hayazidi matatu kwa ukurasa. Yaandike na jirani zake: usiandike "decision" peke yake, andika "make a decision". Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, na hakuna anayepigwa. Wenzetu nao wana "make", "take" na "do" zao, na hazitabiriki. Ni "make a call", "take a picture", "do the ironing".

Hatua ya 6: Andika barua fupi inayofanya kazi

Chukua hali moja: umepanga kuonana na mtu, umepata dharura. Barua pepe ya kiwango cha kati ni hii:

"Dear Ms Brown, I'm writing about our meeting on Thursday. I'm afraid I can't come because I have to be at work that day. Could we meet on Friday morning instead? If that doesn't suit you, please suggest another time. I'm sorry for the trouble. Kind regards,"

Kisha jina lako. Sentensi tano, na kila moja ina kazi: barua inahusu nini, tatizo na sababu yake, ombi, mlango mbadala, samahani. Salamu zetu ndefu za kuulizia hali ya nyumbani na kazini zina uzuri wake, ila katika barua ya namna hii jambo huja mstari wa kwanza. Anza na barua tano za aina hii: kuahirisha, kuuliza habari, kulalamika, kushukuru, kuomba nafasi. Ukishazimudu tano, nyingine utazitunga kwa kukata na kuunga.

Hatua ya 7: Omba, kataa, pingana

Adabu ya Kiswahili imo ndani ya kitenzi: naomba, unisaidie, tafadhali. Tukihamia Kiingereza tunaiacha nyumbani na kusema "Give me water", huku tukiamini "please" itafunika. Haifuniki vya kutosha. Naomba, kwa Kiingereza cha kila siku, ni "Could I have…" au "Could you…". Kukataa kunaanza na kukubali: "I'd love to, but I'm working that day."

Mtego mmoja mdogo una madhara makubwa, nao ni swali la ukanushi. Mtu akikuuliza "Hukwenda?", nawe hukwenda, unajibu "Ndiyo", yaani ulivyosema ni kweli. Kwa Kiingereza "You didn't go?" inajibiwa "No, I didn't." Wao wanajibu kulingana na tukio, sisi tunajibu kulingana na kauli. Ukisema "Yes" na kunyamaza, unamwacha mwenzako njia panda. Usijibu kwa neno moja. Ongeza "I did" au "I didn't", na hata ukikosea la kwanza, la pili litakutetea.

Kupinga ndiko kunakotenganisha B1 na B2. Wa B1 anasema "I don't agree, because it is expensive." Wa B2 anampokea mwenzake kwanza: "I see your point about the price, but I think we'd lose more if we waited." Jizoeze hivi: chukua msimamo usioupenda, utetee dakika moja, kisha uupinge mwenyewe dakika nyingine. Na chunga "although". Sisi tunasema ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda. Kiingereza kinataka kimoja tu kati ya "although" na "but".

Usichopaswa kukihangaikia bado

"A" na "the" zitakusumbua miaka mingi, nami nasema zisikunyime usingizi. Lakini fununu unayo tayari katika Kiswahili. Nimesoma kitabu, kitabu fulani tu: "I've read a book." Nimekisoma kitabu, kile tunachokijua mimi na wewe: "I've read the book." Ile "-ki-" haifanyi kazi ya "the" kila mahali, ila inakuonyesha swali la kujiuliza: je, msikilizaji anajua ni kipi ninachozungumzia? Ukijiuliza hivyo utapatia mara nyingi. Zile za mwisho, kama kwa nini ni "go to school" bila "the", zisubiri.

Vilevile sentensi ndefu za masharti ya "if I had known, I would have…" hazina haraka kama zinavyopewa. Zielewe ukizisikia. Kuzisema utakuja kuzisema.

Hatua ya 8: Rudia kipimo baada ya wiki kumi na mbili

Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 30 katika wiki kumi na mbili. Ukilinganisha na yale makadirio ya Cambridge, utaona hizo hazikupandishi ngazi nzima, na anayekuahidi hivyo anauza kitu. Ila tofauti inasikika. Gawa hivi: siku mbili za sikio, siku mbili za kuzungumza kwa sauti, yaani visa na kulizunguka neno, na siku moja ya kusoma na kuandika.

Mwisho wa wiki ya kumi na mbili, jirekodi tena dakika mbili ukieleza ulivyoshinda jana. Sasa fungua faili lile la kwanza, usikilize yote mawili kwa kufuatana. Makosa ya sarufi usiyahesabu. Hesabu ni mara ngapi ulisimama zaidi ya sekunde tatu, na kila uliposimama ulitokaje: ulirukia Kiswahili, uliiacha sentensi, au ulipita njia nyingine. Zile ulizopita njia nyingine ziandike zote, neno kwa neno, hata zikiwa na makosa.